Pampu ya Ekonomi

Watu wa mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wakinitania juu ya pampu ile, huwa nawajibu kwa kisa kifupi: neno la Kifaransa lilinidanganya. Wanacheka, nacheka nao, kahawa inaendelea. Hicho ni kisa cha barazani tu. Kisa chenyewe kina mtu ndani yake, tena mguu wa mtu, na kina mdomo wangu mimi, ambao marehemu mama alikuwa akisema Mungu aliusahau wazi.

Mimi ni msuka mota. Mota ikiungua, iwe ya kinu, ya feni au ya pampu, huifungua, nikang'oa nyaya za shaba zilizogeuka mkaa, nikasuka nyingine mpya, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikubali kuzunguka tena. Miaka ile ya vita kazi haikukauka. Nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, ambargo tuliiita, na kwa kuwa kitu kipya hakikuingia, kila kilichokufa kililetwa kwetu kifufuliwe. Nilifufua vingi. Nikapata jina, jina likanipanda kichwani, nikawa fundi ambaye mteja akisema "mimi naona labda", namkata kauli hapo hapo kwenye "labda". Nikijikumbuka nilivyokuwa, naona haya.

Sasa Madamu. Kwetu mwalimu wa kike wa shule ya msingi huitwa Madamu, na ukimwita hivyo una miaka saba utamwita hivyo hata ndevu zikiwa nyeupe. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Kifaransa alitufundisha kwa makopo: alikuja na mfuko wa makopo matupu ya maziwa, ya nyanya, ya dawa ya viatu, kila mtoto akapewa lake asome kilichoandikwa. Hakuwa mwalimu wa kusimama ubaoni na fimbo. Alipiga magoti kando ya dawati lako, kichwa chake kikawa sawa na chako, akakusubiri. Yeye Mkristo, mimi mtoto wa madrasa, na kila Ijumaa alinikonyeza mapema ili nisichelewe msikitini. Nilimpenda mno yule mwanamke. Nasema wazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa upumbavu wangu.

Asubuhi moja guruneti lilirushwa karibu na kituo cha basi mjini. Madamu alikuwa amesimama pale na madaftari ya wanafunzi kifuani. Alinusurika, lakini mfupa wa paja ulivunjika na vipande vya chuma vikamwingia. Walimfunga plasta kuanzia nyonga mpaka kifundo cha mguu, akakaa nayo miezi. Ilipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila goti lilikuwa limekataa. Mguu ulisimama wima kama mchi.

Mama mmoja wa hospitali, mwenye kazi ya kunyoosha viungo, alimweleza mambo kwa ufupi. Goti bado bichi. Una miezi sita. Ukitembea kila siku ndani ya maji yanayokufika kifuani, maji yakakubeba uzito, litakunja. Miezi hiyo ikipita, litaganda, na halitakunja tena. Kisha akamwonya: kovu la pajani halijafunga sawasawa, kwa hiyo maji yawe safi, si maji ya hovyo.

Utasema ziwa liko hatua chache tu kutoka Kibenga, alikokuwa akiishi Madamu katika nyumba ya kaka yake aliyekimbilia ng'ambo. Ziwa lina viboko, lina mamba, na miaka ile ufukweni kulikuwa na wanajeshi pia. Lakini jirani yake, Mzungu mmoja aliyeondoka na wenzake walipoitwa kwao, alikuwa amemwachia pisini, bwawa la kuogelea. Si ile ya kuchimbwa. Ilikuwa ya kusimamishwa juu ya ardhi: ukuta wa bati jembamba wa duara, ndani plastiki ya buluu, kina chake kifuani, na ngazi ndogo ya kupandia. Ilikaa uani kama beseni la kufulia nguo za majitu. Pipa la mchanga la kuchujia maji lilikuwapo. Pampu ya kuyapitisha maji kwenye mchanga haikuwapo. Ilipotea katika fujo za kuondoka.

Na pampu ndiyo ilikuwa kila kitu. Bomba la mjini lilitoa uzi mwembamba wa maji, na kuijaza pisini ile kulichukua siku tisa. Huwezi kumwaga na kujaza upya kila wiki. Maji yale yale yalipaswa kuzunguka, yachujwe, yarudi, saa nyingi kila siku, la sivyo jua la Bujumbura lingeyageuza mlenda.

Nilikwenda kumjulia hali na kilo ya sukari, ambayo siku hizo ilikuwa zawadi ya heshima. Nikamkuta barazani, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Akanieleza yote, akasema darasa lake la kwanza limepewa mtu mwingine kwa muda, na kwamba atarudi goti likikunja. "Mwalimu ya darasa ya kwanza hawezi kufundishia juu," akasema. Kisha akanikamata mkono.

"Mutoto wangu, unitafutie pompi. Lakini ile ya ekonomi. Umesikia? Ya ekonomi."

Nikasema nimesikia. Nilisikia nini? Kwetu Buyenzi, kitu cha ekonomi ni kitu cha mnyonge. Sabuni ya ekonomi ni ile isiyotoa povu. Viatu vya ekonomi vinakwisha kabla ya Idi kwisha. Nikaondoka pale machozi yananilengalenga, nikijiambia: tazama vita ilivyomshusha Madamu, mpaka anaomba kitu duni, anaona haya kunisumbua mimi mwanafunzi wake. Wallahi, nikaapa njiani, hatapata pampu ya ekonomi. Atapata pampu hasa.

Kesho yake nikaenda mjini, mtaa wa Waasia, kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyeuza vyuma kabla sijazaliwa. Duka lake lilikuwa limebaki nusu tupu, lakini pampu za pisini alikuwa nazo mbili, zote za nyumba za watu walioondoka. Moja ilikuwa ndogo, ya kijivu, nguvu robo tatu ya farasi, na ilikuwa na kasi mbili: ukitaka inakwenda haraka, ukitaka inakwenda polepole kutwa nzima. Ya pili ilikuwa ya farasi wawili, nyekundu, shingo nene. Nikaishika ile nyekundu kama mtu anayeshika ndama sokoni. Nilijua mota ya namna ile. Ilikuwa imesukwa vizuri.

Mzee akaniuliza pisini ina ukubwa gani, bomba lake nene kiasi gani, moto unatoka wapi; moto, ndivyo tunavyouita umeme. Nikamjibu huku nikiitazama nyekundu. Akatikisa kichwa. Akasema pipa lile la mchanga ni dogo na bomba ni jembamba, ukisukuma maji kwa nguvu yatatoboa njia katikati ya mchanga na kutoka upande wa pili na uchafu wake. Maji ya pisini hayana safari, akasema, yanazunguka tu. Yaache yaende polepole, saa nyingi, kwa moto kidogo. Chukua ya kijivu.

Nikamwambia ya kijivu ni ya ekonomi, na mtu ninayemnunulia si wa kupewa vitu vya ekonomi. Ni mwalimu wangu.

Mzee akacheka, si kwa ubaya. "Ekonomi si ya masikini," akasema. "Maana yake haikule moto mingi. Huyo madamu yako ndiye alisema ekonomi? Basi anajua kitu anataka. Rudi umuulize."

Hapo. Hapo ndipo ninaporudi kila ninapolala ubavu na usingizi hauji. Niliambiwa. Nilielezwa neno, polepole, na mtu mwenye umri wa baba yangu, mchana kweupe. Na nilielewa. Nikaona kweli ndivyo alivyotaka kusema Madamu. Lakini dukani mlikuwa na wateja wengine wawili, mafundi wenzangu, na walikuwa wamesikia kicheko. Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza mzee kama ananifundisha kazi yangu. Nikamwambia mimi nasuka mota kwa mikono hii, yeye anauza tu. Akanyanyua mikono, akasema bwana fundi, chukua unayotaka. Nikabeba ile nyekundu begani mpaka barabarani, nikiwa nimeshajua, na kila hatua nikijitafutia sababu: nguvu haizidi, nguvu ni akiba, bora kitu kiwe na nguvu usiitumie kuliko kuikosa.

Niliifunga kwa siku mbili. Nilipoiwasha, maji yaliruka, bati la pisini likatetemeka, majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nikasimama pale kifua mbele. Madamu alikuwa amesimama na magongo yake, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza ule mngurumo.

"Hii ndiyo ya ekonomi?" akaniuliza.

"Hii inapita ya ekonomi, Madamu."

Akanitazama usoni. Nadhani aliona furaha yangu, na kwa jinsi alivyokuwa, hakutaka kuivunja. Akasema asante, Mungu akubariki. Akaingia ndani kubadili nguo.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Moto wa mjini ulikuwa unakuja kwa saa kadhaa, na saa hizo pampu ilinguruma. Madamu alizunguka ndani ya maji, mkono ukishika ukingo, akihesabu hatua kwa Kirundi. Nilikwenda karibu kila siku ya pili. Siku moja akakaa kwenye kiti na mguu ukashuka wenyewe, si mpaka chini, lakini ukashuka, nikaona kisigino kikikaribia sakafu. Alipiga kelele ya kitoto. Tulikunywa chai yenye sukari ile ile niliyoleta.

Kisha nyaya zinazoleta moto kutoka milimani zikakatwa, kama zilivyokuwa zikikatwa wakati ule, na mji ukabaki na moto wa saa mbili, siku nyingine bila kitu. Nyumba ilikuwa na jenereta ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Ile ya kijivu ingezunguka nayo kutwa kwa chupa chache za petroli. Nyekundu haikuweza hata kuanza. Mota kubwa inapoamka inavuta moto mara kadhaa zaidi kuliko inapokuwa mbioni, hilo nalijua kama jina langu. Jenereta ilikohoa, ikazima. Nikaazima jenereta kubwa kwa rafiki. Hiyo ilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka bonde la Imbo kiangazi, na petroli yenyewe ilikuwa ya chupa za bia kando ya barabara, siku ipatikanapo. Badala ya saa nane kwa siku tukawa tunawasha kwa saa moja tu. Siku nyingine nusu saa. Na ile nusu saa maji yalipita kwa kishindo katikati ya mchanga, yakarudi na uchafu wake, kama mzee alivyosema.

Maji yakaanza kuingia ukungu. Kisha yakawa kijani.

Nililaumu mchanga, nikaubadilisha. Nililaumu petroli kuchanganywa na maji. Nililaumu ambargo, wanajeshi, waasi, marais wa nchi jirani. Vita ni kitu rahisi kukilaumu, hakuna atakayekubishia. Kisha nikasema nitaisuka upya ile mota iwe ya nguvu kidogo. Nikaifungua, nikatumia siku kumi, nikaiunguza. Mimi, fundi mwenye jina.

Nilirudi mtaa wa Waasia kichwa chini. Mzee akanionyesha mahali patupu. Ile ya kijivu alikuwa amemuuzia bwana mmoja wa Kajaga mwenye bwawa la samaki. Nikaenda Kajaga. Nilipofika kwenye bwawa nilidhani pampu imezimwa, maana sikusikia kitu. Nikaiwekea kiganja juu, kumbe inafanya kazi, baridi kabisa, inatetemeka kidogo tu chini ya mkono wangu. Ilikuwa imewashwa tangu alfajiri kwa jenereta ndogo kama ya Madamu. Nikamsihi yule bwana, nikampa kisa chote, isipokuwa pale nilipoelezwa neno. Akanihurumia, lakini samaki ndio waliolisha wanawe, na pampu nyingine hakuna. Nikarudi mjini mikono mitupu.

Nilipofika Kibenga na habari hiyo, nilikuta Madamu hakunisubiri. Aliona wiki zinapita, goti linaanza kukaza tena, akaingia kwenye maji yale ya kijani, peke yake, siku nne mfululizo. Kovu likafunguka. Homa, hospitali, sindano. Daktari akampigia marufuku maji yoyote zaidi ya ya ndoo. Wakati kidonda kinafunga kwa mara ya pili, miezi sita ilikuwa imekwisha. Yule mama wa viungo alimpima, akaandika, akamwambia ajifunze kuishi na mguu kama ulivyo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mkuu. Mimi ndiye sikusikia, na mimi natembea, nacheza hata ngoma za harusi.

Nilikwenda kuondoa vyuma vyangu. Madamu alikuwa barazani, mguu juu ya kiti kama siku ile ya kwanza. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema Madamu, nisamehe. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, dukani na kicheko na kila kitu. Lakini yeye akatangulia. Akaniuliza nilidhani ekonomi maana yake nini. Nikamwambia: kitu cha masikini. Akafumba macho.

"Basi kosa ni yangu," akasema. "Neno kama hilo ningelieleza. Labda hata darasani sikulieleza." Kisha akafumbua macho. "Na hakuna mutu alikuambia maana yake?"

Mlango ulikuwa wazi, Yarabi. Kilichobaki ni kupita. Nilimwona amekonda, nikaona mguu ule, nikasema moyoni nikimwambia sasa atanichukia, na nitastahili.

"Apana, Madamu," nikasema. "Hakuna."

Akanipapasa kichwa. Akasema pole, mutoto wangu. Mimi ndiye niliyeambiwa pole.

Hakurudi darasa la kwanza. Akawa anafundisha watoto wa majirani barazani pake, amekaa, na watu wakasema Madamu amebadilika: hamwachi mtoto apite neno bila kulieleza kwa njia tatu, mpaka wengine wanachoka. Akiulizwa kwa nini, alisema alipoteza goti kwa neno moja ambalo hakulifundisha vizuri. Hakunitaja hata siku moja. Nilikuwa nikimtembelea, kila safari nikiwa nimejiandaa kusema, na kila safari nikarekebisha soketi, au feni, au redio, nikaondoka.

Alifariki kabla vita haijazimika kabisa, kwa presha, katika nyumba ile ile. Kwenye mazishi alisimama mwanafunzi wake wa barazani, msichana mkubwa sasa, akasimulia habari ya lile neno: kwamba mwalimu huyu alikuwa mnyenyekevu kiasi kwamba alijihukumu mwenyewe kwa kosa la kufundisha, akalibeba mpaka kufa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja kando yangu alifuta machozi, akaninong'oneza kwamba walimu wa namna hiyo hawazaliwi tena. Baada ya msichana, kiongozi wa ibada akauliza kama yuko mwingine mwenye la kusema juu ya marehemu, na akangoja. Alingoja muda mrefu wa kutosha. Nilitazama mikono yangu, nikabaki nimekaa.